Jina la Yesu katika Mafundisho ya Watoto: Uhakiki wa Lugha

Miongoni mwa maswali ambayo mtoto wa shule ya Jumapili huulizwa mapema ni lile linalohusu maana ya jina Yesu. Jibu analofundishwa ni neno moja: Mwokozi. Jibu hilo hukaririwa, hupongezwa, kisha somo huendelea kwenye wajibu wa mtoto wa kuwaelekeza wenzake kwa mwenye jina hilo. Kwa upande wa imani hakuna Mkristo atakayelikana jibu hilo. Likitazamwa kwa upande wa isimu, hata hivyo, hudhihirika kwamba lina kasoro isiyo ndogo: limeigeuza sentensi ikawa cheo. Na kwa kuwa mtoto huyo anatarajiwa kulichukua jina hili hadi kwa wengine, kasoro hiyo huchukuliwa pamoja nalo.

Katika Kiebrania jina hili ni Yehoshua, ambalo katika nyakati za baadaye lilifupishwa likawa Yeshua. Lina sehemu mbili. Ya kwanza ni jina la Mungu wa Israeli. Ya pili imefungamanishwa na mzizi wenye maana ya kuokoa. Wataalamu wa lugha za Kisemiti wamejadiliana juu ya asili kamili ya sehemu hiyo ya pili, lakini mjadala huo hauhitaji kutatuliwa hapa, kwani mwandishi wa Injili ya Mathayo amelichukua jina kwa maana ya kuokoa, na ni usomaji wake unaofundishwa watoto. Jina basi lina mtenda na lina kitendo, na mtenda ni Mungu. Likifasiriwa kwa uaminifu litakuwa "Bwana huokoa". Neno "Mwokozi" humtaja mbebaji wa jina na kumwacha nje yule ambaye jina lenyewe humtaja kwanza.

Yafaa ieleweke kwamba tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Katika Mathayo 1:21 Yusufu anaagizwa jina la kumpa mtoto, kisha anapewa sababu. Uzito wote wa aya hiyo umo katika sababu: mtoto huyu mwenyewe ndiye atakayetenda lile ambalo jina lake husema kwamba hutendwa na Mungu. Hapo ndipo ilipo hoja ya mwinjilisti. Mtoto anayefundishwa kwamba Yesu maana yake ni Mwokozi amepewa tamati ya hoja pasipo hatua zake, na akiulizwa na mwenzake kwa nini ni hivyo, hana la kusema ila kurudia.

Lawama si ya waalimu pekee. Kiungo kati ya jina na sababu kilikatika zamani, tangu habari hizi zilipoandikwa kwa Kiyunani. Umbo Iesous halikuwa na maana yoyote katika lugha hiyo. Lilikuwa sauti tu ya jina la kigeni. Ajabu ni kwamba aya mbili baadaye mwinjilisti anawafasiria wasomaji wake jina Imanueli, ila jina Yesu hakulifasiri, kana kwamba alidhani linajulikana. Kiswahili kilirithi sauti hiyo, na pengo likarithiwa nayo. Matokeo yake ni kwamba kiunganishi cha sababu katika aya ile kinaning'inia hewani. Mtu akisema, "Mwiteni Hamisi, kwa maana mvua ilikuwa ikinyesha," mtoto yeyote wa pwani atacheka, kwa sababu anajua kwamba Hamisi ni wa Alhamisi. Katika habari ya Yesu hacheki wala hashangai. Hana njia ya kujua kwamba sababu na jina vinapaswa kulingana.

Kuna mahali ambapo Biblia yenyewe ingemsaidia, lakini mapokeo ya tahajia yamemfungia mlango. Yoshua mwana wa Nuni, ambaye kwa mujibu wa Hesabu 13:16 alipewa jina hilo na Musa badala ya Hoshea, ni wajina wa Yesu. Katika Agano la Kale la Kiyunani wote wawili huandikwa kwa umbo moja, na hata katika Matendo 7:45 na Waebrania 4:8, ambapo Yoshua anatajwa, Kiyunani kina Iesous. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 waliliacha jina Jesus katika aya hizo mbili na kuwatatanisha wasomaji wengi. Kiswahili kimefanya busara kutumia Yoshua, lakini busara hiyo ina gharama yake. Mtoto hukua akidhani kuwa majina haya mawili hayana udugu, na ilhali darasani mwake mna Joshua wawili au watatu, hakuna anayemwambia kwamba wenzake hao wanaitwa jina lile lile analolitamka anaposali. Vilevile haambiwi kwamba jina hili lilikuwa la kawaida sana miongoni mwa Wayahudi wa karne ya kwanza, kiasi kwamba Paulo katika waraka kwa Wakolosai anamtaja Yesu mwingine aliyeitwa pia Yusto. Ndiyo sababu yule wa Injili huhitaji kuitwa wa Nazareti, kama vile Otieno katika kijiji chenye akina Otieno wengi huhitaji kuulizwa ni wa nani.

Mfano huo wa Otieno una faida zaidi ya kufafanua. Mtoto wa Kenya haji darasani akiwa mtupu katika elimu ya majina. Anajua, au nyanya yake anajua, kwamba Otieno alizaliwa usiku, kwamba Wambua ana habari ya mvua, kwamba Wanjala alikuja wakati wa njaa. Pwani kuna Sikujua, ambalo ni sentensi kamili yenye kiambishi cha nafsi, ukanushi na wakati; na kusini mwa Tanzania kuna Atupele, yaani ametupa, ambapo mpaji hatajwi kwa kuwa kila mtu anamjua. Mtoto aliyezoea majina ya namna hii ameshika tayari kanuni ambayo mwinjilisti anaitegemea: jina hutolewa kwa sababu, na sababu husemwa na wanaolitoa. Hata hivyo, mafundisho mengi huiacha hazina hiyo mlangoni na kumpa mtoto tafsiri ya neno kwa neno, kama msamiati wa lugha ya kigeni.

Mfano ulio karibu zaidi na Yehoshua unapatikana katika Kinyarwanda na Kirundi. Jina Hakizimana limeundwa kwa kitenzi gukiza, ambacho hubeba maana ya kuponya na ya kuokoa pia, na jina Imana, yaani Mungu. Muundo wake unaanza na kiambishi ha-, kitenzi kikifuata na mtenda akiwa mwisho, na katika lugha hizo muundo wa namna hii huweka mkazo juu ya mtenda: aokoaye ni Mungu, si mwingine. Hapana shaka kwamba mtoto Mrundi au Mnyarwanda mwenye jina hilo, akiketi katika darasa la Kiswahili jijini Nairobi au Bujumbura, yuko karibu na maana ya jina Yesu kuliko mwalimu wake aliyeridhika na "Mwokozi". Inapasa kuongeza kwamba Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 ilihifadhi mkazo wa namna hiyo hiyo katika Mathayo 1:21 kwa kutumia "ndiye", neno ambalo wasomaji wengi hulipita mbio.

Neno "mwokozi" lenyewe lina historia inayostahili kuchunguzwa. Kutokana na kitenzi okoa, Kiswahili cha leo kina nomino mbili za mtenda: mwokozi na mwokoaji. Mgawanyo wa kazi kati yake umekuwa mkali. Jengo la ghorofa lilipoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, mwezi wa Aprili 2016, waliofukua vifusi siku baada ya siku waliitwa waokoaji. Kumwita mmoja wao mwokozi kungesikika kama mzaha au kufuru. Mwokozi amebaki kanisani, na huko ametengana na kitenzi chake. Mtoto anayesikia redioni jinsi waokoaji walivyomtoa mtoto mchanga chini ya zege, kisha anayekariri Jumapili kwamba Yesu ni Mwokozi, si lazima ayaunganishe mambo hayo mawili, ingawa kitenzi ni kimoja.

Mnyambuliko wa kitenzi hicho unaleta tatizo kubwa zaidi. Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuenea Kenya na Tanganyika uliipa kauli ya kutendeka, yaani okoka, nafasi ambayo haikuwa nayo awali. Kuokoka kukawa kujiunga na jamaa fulani yenye ushuhuda wake, nyimbo zake na mwenendo wake. Hakuna haja ya kukejeli matunda ya uamsho huo. Wengi walirudisha mali waliyoiba na kupatana na adui zao. Lakini kisarufi jambo hili lina athari. Kauli ya kutendeka humficha mtenda. Kikombe kimevunjika: nani alikivunja, sentensi haisemi. Kadhalika "ameokoka" haisemi ni nani aliyeokoa, na wala haimruhusu atajwe kwa urahisi, kwani "ameokoka na simba" maana yake ni kwamba alinusurika kwa simba, na mtu atakayesema "ameokoka na Yesu" atakuwa amesema asilolikusudia. Kauli inayomweka mtenda mahali pake ni ile ya kutendwa: ameokolewa. Jina Yesu, ambalo neno lake la kwanza ni mtenda, linafundishwa basi kwa kitenzi ambacho hakimtaji. Mtoto akitumwa kuwauliza wenzake kama wameokoka, anauliza habari za hali yao, na mwenye jina hamo katika swali.

Mtego mwingine ni mdogo lakini huwanasa watoto. Katika aya iliyotajwa, Tafsiri ya Muungano hutumia "na" baada ya okoa kuonyesha kile ambacho watu wanatolewa humo. Huu ni utumizi wa zamani na ni fasaha. Ndio unaosikika katika "kujitenga na" na "kuepushwa na", na katika ombi la mwisho la Sala ya Bwana. Ila mtoto wa miaka saba anaijua "na" ya kuunganisha kabla ya "na" ya kutenga, na kwake watu kuokolewa na dhambi zao huweza kuwa ni watu pamoja na dhambi zao, mzigo na mchukuzi wakiingia nyumbani kwa pamoja. Si kosa la mfasiri. Ni kazi ya mwalimu kueleza, na maelezo hayatazidi dakika moja.

Katika miji ya pwani suala la jina lina upande mwingine. Tafsiri za awali za Unguja, zilizosimamiwa na Edward Steere katika karne ya 19, zilitumia Isa Masiya, umbo ambalo Waswahili Waislamu walikuwa wakilijua tangu kale. Tafsiri za baadaye ziliacha umbo hilo zikachukua Yesu Kristo. Uamuzi huo ulizuia mchanganyiko wa imani mbili ambazo hazisemi jambo moja juu ya mtu huyu: Uislamu humheshimu Isa kuwa nabii na haukubali habari ya msalaba kama Wakristo wanavyoisimulia. Lakini ulifanya pia kwamba mtoto Mkristo wa Mombasa amwone jirani yake aitwaye Issa kama mtu asiyejua lolote kuhusu Yesu, jambo ambalo si kweli. Mtoto anayetumwa kumweleza jirani huyo jambo lake angefaa kwanza ajue kwamba jirani ana jambo lake pia, na kwamba huenda akalieleza kwa adabu kuliko yeye.

Hapo hufikiwa suala la kuelekeza. Injili ya Yohana, katika sura ya kwanza, ina mifano mitatu ambayo waalimu huipenda: Yohana Mbatizaji anawaonyesha wanafunzi wake Yesu anayepita, Andrea anamleta nduguye Simoni, Filipo anamwalika Nathanaeli aje ajionee. Hakuna hata mmoja kati yao anayeuliza habari za hali ya msikilizaji, wala anayedai jibu la kukariri. Yohana Mbatizaji ananyosha kidole, na anayeonyeshwa yupo, anaonekana.

Kiswahili kina zana nzuri za kazi hii, kwani vionyeshi vyake vina ngazi tatu: huyu aliye karibu na msemaji, huyo aliye karibu na msikilizaji au aliyekwisha kutajwa, na yule aliye mbali na wote wawili. Masimulizi ya watoto hupenda mno ngazi ya tatu. Yesu huwa yule aliyezaliwa Bethlehemu, yule aliyetembea juu ya maji, yule aliyefufuka. Lugha inayofaa hadithi, lakini inayomweka mtajwa mbali na mtoto na mbali na rafiki yake kwa kipimo kimoja. Mtoto aliyefundishwa kwamba jina hili ni sentensi, "Bwana huokoa", ataweza kusema "huyu", kwa kuwa kiambishi hu- cha mazoea hakifungwi na wakati uliopita. Na rafiki yake akiuliza, "Huyo ni nani?", kionyeshi chenyewe kitaonyesha kwamba aliyetajwa ameanza kuwa mada ya mazungumzo yao wawili.