Ufundi wa Kuchelewesha

Anayetaka kuwatisha Waunguja kwa kisu na damu ya rangi anajisumbua bure. Sisi tumelelewa na mabibi waliojua kusimulia. Bibi akianza hadithi baada ya sala ya isha, hakumtoa jini mapema. Alianza na mtoto aliyetumwa maji kisimani. Akatuonyesha ndoo, akatuonyesha kamba, akatueleza jua limefika wapi. Halafu akanyamaza, akakoroga chai yake. Sisi tuliokuwa mkekani tulikwishaambiwa kwamba kisima kile kina mwenyewe. Mtoto wa hadithini hakuambiwa. Basi tulikaa tukimwomba kimoyomoyo arudi kwao, na bibi hajatamka hata neno moja la kutisha.

Nilidhani ufundi huo umekwenda na mabibi wenyewe. Nimeuona tena Kiponda, Mji Mkongwe, katika nyumba moja kuukuu, mikononi mwa vijana wanaosomea filamu. Mpwa wangu ni mmoja wao, mhariri wa kundi, na kwa kuwa nyumba waliyopigia picha ni ya jamaa zetu, nilikwenda kama mtu mzima wa kuwepo, wa kuzungumza na sheha na kuwaomba radhi majirani. Walitakiwa watengeneze filamu fupi ya taharuki, na kabla ya kushika kamera wazisome filamu za aina hiyo, wajue zimejengwa vipi. Orodha waliyoitoa waliibandika ukutani: mtu wa kawaida anayetumbukia katika jambo asilolijua, adui anayejua zaidi yake, siri yenye muda wa mwisho, kivuli, ngazi, mlango uliofungwa, sauti inayosikika kabla mwenyewe hajaonekana. Vyote hivyo Mji Mkongwe unavyo, havinunuliwi.

Hadithi yao ni ya binti aliyepewa kazi ya kusafisha nyumba ya urithi inayosubiri kuuzwa iwe hoteli. Ameambiwa nyumba haina mtu. Sisi watazamaji tumeshaonyeshwa kwamba ghorofani yupo ndugu mmoja wa familia, anapekua masanduku akiitafuta hati kabla warithi wenzake hawajakutana jioni. Hakuna bastola. Mjini humu hakuna asiyeijua kesi ya namna hiyo, na ndiyo sababu inatisha.

Binti anafika chini ya ngazi na kuanza kufungua pindo la kanga alimofunga ufunguo. Kamera haimwangalii usoni, imetulia kwenye vidole. Fundo limekaza, kwa hiyo vidole havina haraka. Nyuma yake, pale mwanga wa dirishani unapokatiza chumba, vumbi la chokaa linadondoka kutoka kwenye boriti. Ni kidogo, kiasi cha chumvi anayoiongeza mpishi baada ya kuonja mchuzi. Linapita mwangani, linatua sakafuni. Mtu amekanyaga juu. Binti hakuona. Fundo linafunguka.

Vumbi lile lilimwagwa na kijana aliyepanda ngazi ya mbao nje ya picha, ameshika chekecheo la unga. Walirudia na kurudia. Likizidi, utadhani dari inaanguka. Likipungua, kamera hailioni. Na mwanga haukuwa wa taa. Jua la Kiponda huingia katika nyumba zile kwa kipimo, baina ya paa la jirani na ukuta wa jirani mwingine, na likishapita huna budi kungoja kesho. Walilingoja. Niliwaona vijana wa zama hizi wamekaa sakafuni kimya, simu mifukoni, wakingoja mstari wa jua ufike mahali walipoutaka, nikafurahi kuliko nilivyotazamia.

Nilipomkuta mpwa wangu kwenye kompyuta, alikuwa ameshaliunganisha tukio lile. Mwanzoni, baada ya vumbi kulikuwa na uso wa binti akiinua macho kwa hofu. Picha nzuri, na mwigizaji aliifanyia kazi. Akaiondoa.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Mjomba, akiona yeye, nyinyi mnapumzika."

Kisha akarudi kwenye vumbi, akalirefusha, akalifupisha, fremu moja baada ya moja. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, nami nilishuhudia fremu chache tu zikitenganisha hofu na uchovu. Akikata mapema, jicho halijaliona vumbi. Akichelewa, mtazamaji anaanza kujiuliza mtengenezaji anataka nini. Baina ya hapo na hapo pana nafasi nyembamba ambamo roho ya mtu inapanda bila yeye kujua nani ameipandisha. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Maneno ya mpwa wangu yana wazee wake. Mwongoza filamu Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na mwenzake François Truffaut mwaka 1962, alitoa mfano wa watu wawili wanaozungumza mezani na chini ya meza pana bomu. Mtazamaji asipojua, bomu likilipuka atashtuka sekunde 15. Akijua, na akaiona saa ukutani, mazungumzo yaleyale ya kipuuzi yatamweka roho juu dakika 15. Bibi zetu hawakumsikia Hitchcock, lakini kile kisima chenye mwenyewe kilikuwa bomu lao.

Na pale Sokomuhogo wazee wanakunywa kahawa na kucheza dhumna katika baraza linaloitwa Jaws Corner, jina la filamu ya papa ya Steven Spielberg ya mwaka 1975. Papa wa mashine aliyetengenezwa kwa filamu ile alikuwa akiharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi. Ikabidi Spielberg apige picha bahari tupu, maboya yanayoburutwa na kitu kisichoonekana, na muziki wa John Williams wa noti mbili zinazosogea. Zaidi ya saa nzima inapita kabla papa mwenyewe hajaonekana sawasawa, na watu duniani kote waliogopa kuoga baharini. Wanafunzi wetu, wasio na fedha ya papa wala ya bastola, wamerithi shida ileile. Wenye akili miongoni mwao wanaigeuza kuwa mali.

Wala si lazima kila kitu tukiazime ughaibuni. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*. Kitabu kilichapishwa mwaka 1960, na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ikapata baba. Mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko mdomoni, hakimbizani na mtu juu ya mapaa. Anakaa. Anauliza swali dogo ambalo mwulizwaji analijibu bila kufikiri, kisha anavuta kiko chake, na rafiki yake Najum aliye pembeni anahangaika kwa niaba yetu. Toka *Kisima cha Giningi* cha mwaka 1968 hadi *Kosa la Bwana Msa* cha mwaka 1984, kinachofichwa mara nyingi si silaha. Ni nasaba, ni ndoa, ni nani mwana wa nani. Mwandishi yule alizijua nyumba zetu, akajua kwamba chumba kinachotisha kuliko vyote ni kile ambacho familia nzima imekubaliana kutokizungumza. Vijana niliokaa nao walimjua kwa jina tu. Nilimwona mpwa wangu akifungua *Mzimu wa Watu wa Kale* kwa mara ya kwanza baada ya filamu yao kwisha kupigwa, ilhali ndicho kitabu alichokihitaji kabla ya vyote.

Mfano wa karibu zaidi walikuwa nao, na huo waliuchambua vizuri. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa *Vuta N'kuvute*, filamu iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa katika tamasha la Toronto. Denge anawindwa na polisi wa mkoloni, Yasmin ameikimbia ndoa, na vichochoro hivihivi tunavyopita kwenda sokoni vinafanya kazi ya kuwaficha na kuwafichua. Filamu ile haina pupa. Inauacha ukuta uwe ukuta, inaiacha taa ya kandili iwake, na anayeitazama anabaki akisikiliza nani anakuja.

Kusikiliza ndiko tunakokupoteza haraka kuliko yote. Kijana wa sauti wa kundi lile alihangaika kutafuta saa ambayo mtaa umenyamaza: kunguru wakitulia inapita pikipiki, pikipiki ikipita unaadhini msikiti wa kwanza, kisha wa pili. Alichokitaka ni nyayo tu, za mtu mmoja, katika kichochoro. Nikamsimulia habari ya giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika kisiwani pote. Usiku wa miezi ile tulitambuana kwa miguu. Kandambili zina mlio wao, makobadhi yana wao, na aliyevaa viatu vya ngozi juu ya mawe hana pa kujificha. Mtu akisimama ghafla nyuma ya kona, kile kimya chake ndicho kilichotutisha. Fritz Lang alilijua hilo mwaka 1931 katika *M*, filamu yake ya kwanza yenye sauti: muuaji wa watoto anapiga mluzi, na kipofu muuza maputo ndiye anayemtambua kwa mluzi huo, watu wenye macho wasimjue. Kijana alinisikiliza, akaenda kurekodi nyayo zake alfajiri, kabla ya adhana. Ni sauti nzuri. Nadhani ndiyo sehemu ya filamu itakayodumu.

Lakini ufundi huu hauishi kwa fundi peke yake; unataka na watazamaji waliokaa pamoja. Sinema ya Royal ilifunguliwa Vuga mwaka 1921, imechorwa na msanifu Sinclair, yuleyule aliyelichora jumba la makumbusho la Beit el Amani. Ikaungua, na mahali pake ikasimama Majestic mwaka 1955. Humo ndimo sisi wa rika langu tulimofundwa. Siikumbuki filamu ya Kihindi iliyonikaa zaidi kwa jina lake. Nakumbuka mwanamke mwenye taa anapanda ngazi, na ukumbi mzima, wenye njugu na wasio na njugu, umeacha kutafuna. Mtu wa mbele akapiga kelele, "Geuka nyuma!" Mwingine akamjibu kwa ukali anyamaze, asije adui akasikia. Vijana waliokuwa wakijigamba kwamba staringi hafi walikuwa wameshikana mikono na hawana habari. Taa ikazimika kule kwenye picha. Mama mmoja akasema "Ya Rabi" kwa sauti ya chini kabisa, na sote tukamsikia. Nilijifunza siku ile kwamba hofu ya watu wengi waliokaa pamoja ni kitu kingine kabisa, na mtengenezaji hodari huipima kama fundi mshoni anavyopima kanzu begani. Tulirudi nyumbani kwa makundi, na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kichochoroni.

Majumba yale yamefungwa: Majestic, Cine Afrique, Empire. Wapo watu, wakiwemo wa asasi ya Hifadhi Zanzibar, waliojitolea kuipigania Majestic ifufuke, na Mungu awajalie. Tangu mwaka 1998 tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likiujaza uwanja wa Ngome Kongwe watu na picha, na ni heri kubwa. Siku za tamasha zikisha, kila mtu anarudi kwenye simu yake. Filamu ya saa mbili inatazamwa kwa muhtasari wa dakika kumi uliosomwa na sauti ya mashine, na kidole kiko tayari kuruka mbele pale fundo la kanga linapokaza. Watengenezaji nao wamewafuata watazamaji. Droni hupaa juu ya Forodhani kabla hatujamjua mtu hata mmoja, muziki hutuamuru kuogopa kabla ya jambo, na kwa miaka mingi hadithi zilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili diski ziuzwe mbili, popote pale mkasi ulipoangukia. Hata nyumba zenyewe zinaondoka. Ile ya Kiponda ikishakuwa hoteli, boriti zake zitafunikwa kwa dari nyeupe ya jipsamu, na hakuna vumbi litakaloweza kutuambia kwamba juu kuna mtu.

Mpwa wangu anajua kukata fremu kuliko wengi waliomtangulia. Hajawahi hata mara moja kukaa katika ukumbi wa sinema wa mjini kwake, bega kwa bega na majirani, akasikia pumzi zao zikikatika pale alipokusudia zikatike. Tumempa kompyuta na kamera, vyombo ambavyo wazee wake hawakuviota, tukamnyima watu wa kumfundisha amechelewesha kiasi gani. Filamu yake itatumwa kwa WhatsApp. Itatazamwa ndani ya daladala, bila sauti, na mtu anayeshuka kituo kijacho, na zile nyayo za alfajiri hazitamfikia. Hili si kosa la vijana. Mji uliowapa Waswahili Bwana Msa, mji uliojaza kumbi tatu, umeziacha kumbi zile zifungwe huku ukijisifu kwa urithi wake mbele ya wageni. Mpaka Majestic ifunguliwe, watoto wake wataendelea kujifunza kuwatisha watu ambao hawatakutana nao kamwe.