Goti la mchimbaji na miezi tisa ya kungoja

Mwaka 1895 mjini Leeds, Uingereza, daktari Arthur Mayo Robson alilifungua goti la mchimba makaa wa miaka 41 aliyeangukiwa na udongo shimoni. Ligamenti mbili za ndani ya goti zilikuwa zimeng'oka, naye akazishona. Miaka sita baadaye mtu huyo alitembea bila kuchechemea, na kazini alikuwa amerudi. Huko Tiira, wilayani Busia, Uganda, ambako vijana hushuka mashimo ya dhahabu, kisa hiki kinastahili kujulikana.

Siku hizi ligamenti ya mbele, moja ya hizo mbili, ikikatika, kwa kawaida haishonwi. Majimaji ya goti huizuia damu kuganda, basi ncha haziungani. Daktari huchukua kano mbili za nyuma ya paja, akazikunja mara kadhaa ziwe nene, akatoboa njia katika mfupa wa paja na wa muundi, akazipitisha na kuzibana kwa skrubu au kifungo cha chuma. Yote hufanywa kupitia matundu madogo, kwa kuongozwa na kamera.

Kano iliyopandikizwa haina damu yake. Mwili huanza kuilainisha ndipo uijenge upya, kwa hiyo wiki kadhaa baada ya upasuaji huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Na hapo hasa uvimbe umekwisha, magongo yametupwa, na kijana anajiona mzima! Utafiti wa Norway wa mwaka 2016 kuhusu wanamichezo ulionyesha kwamba kila mwezi wa kuchelewa kurudi uwanjani, hadi wa tisa, ulipunguza majeraha mapya kwa karibu nusu. Muda peke yake hautoshi: misuli ya mbele ya paja hulala baada ya goti kuvimba, na sharti iamshwe mapema, kwa mazoezi, hadi ifikie walau asilimia 90 ya nguvu za mguu mzima.

Kwa hiyo anayechanga pesa za upasuaji achange na za fiziotherapia pia, pamoja na za chakula cha nyumbani kwa miezi hiyo. Zikipungua, aanze na mazoezi. Nchini Sweden, kati ya vijana waliopangiwa mazoezi kwanza, zaidi ya nusu hawakuwa wamepasuliwa baada ya miaka miwili, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2010. Lakini goti linaloteguka mara kwa mara halifai kupanda wala kushuka shimo. Mwenye goti hilo amwone daktari wa mifupa, na kazi ya shimoni aiache kwanza.