Rahisi Isiyovunja Upishi

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na methali hiyo imegeuzwa kuwa hukumu juu ya kila chakula kinachouzwa kando ya njia. Anayeikubali akiona sahani ya wali maharage ya mama ntilie wa Buguruni, Dar es Salaam, au viazi karai vya uchochoroni Mji wa Kale, Mombasa, huona chakula cha asiye na jinsi: kinaliwa kwa kuwa pesa ni kidogo, si kwa kuwa ni kizuri. Mimi naona methali ilisema kweli kuhusu mpishi anayekwepa kazi, yule anayetia maji palipotakiwa tui. Haikusema kweli kuhusu kibanda kizuri cha mtaani. Pale unafuu wa bei na utamu havigombani hata kidogo. Vimezaliwa na ufundi uleule, na mtu anayejua kuutambua ufundi huo hahitaji bahati ili ale vizuri kwa pesa chache.

Tuanze na nyama. Mishkaki ya mtaani haitengenezwi kwa sarara. Mchomaji hununua nyama ya bei ya chini, ya ng'ombe aliyetembea sana malishoni, yenye nyuzi nene, ambayo ikitiwa motoni ilivyo haitafuniki. Dawa yake ni papai bichi. Utomvu wa papai una kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama, na wapishi wa pwani walikijua kwa vidole kabla ya kukisoma vitabuni. Mchomaji hulikwaruza papai, akalichanganya na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu, akaisinga nyama na kuiacha. Kazi ngumu iko hapo kwenye kuiacha. Papai likikaa muda mfupi, nyama inabaki kama ilivyokuwa. Likipitiliza, nyama inalegea nje na kupoteza umbo, hata kipande kinachanika kikitungwa kwenye kijiti. Hakuna mizani wala saa ya kumwongoza, kwa sababu papai la leo halina utomvu sawa na la jana; anabonyeza kwa kidole na kuamua. Halafu inakuja kukata: vipande vidogo vya ukubwa mmoja, kisu kikikatiza nyuzi badala ya kuzifuata, na katikati ya mshikaki kipande kimoja cha mafuta ili kikiyeyuka kiwalowanishe wenzake. Jiko linalomudu sarara halina haja ya kujua hata nusu ya haya. Ni nyama ya bei ndogo iliyomlazimisha mchomaji ajifunze, na anachouza si nyama tu bali elimu hiyo.

Jambo la pili ni marudio. Hoteli yenye orodha ya vyakula arobaini ina mpishi anayepika kila kimoja mara chache kwa wiki. Mama wa vitumbua anapika kitu kimoja. Mchele ameuloweka tangu jana, ameusaga na tui, ameutia iliki, sukari na hamira, na ameuacha uumuke. Alfajiri anaweka chuma chake juu ya mkaa, na chuma kile kina tabia zake: vishimo vya katikati hupata moto mkali kuliko vya pembeni. Basi anamimina pembeni kwanza, anamalizia katikati, ili vyote viive wakati mmoja. Mafuta ni kijiko kidogo kwa kila kishimo. Akiona ukingo umekauka na juu pamejaa vitundu, anapenyeza kijiti na kugeuza kwa mzunguko mmoja wa kiganja, bila kukirarua. Akichelewa kidogo tu, chini kumeungua. Akiwahi, ndani ni ujiuji. Mkono ule umefanya mzunguko huo kila asubuhi kwa miaka mingi, na hakuna chuo cha upishi kinachoweza kumpa mwanafunzi wake mazoezi ya kiasi hicho. Ndivyo ilivyo kwa wauza viazi karai wanaojua uzito wa uji wa unga kwa kuutazama ukitiririka kwenye kijiko, na kwa vijana wa Kampala wanaokunja chapati na mayai ambazo Waganda huziita rolex. Uchache wa vyakula katika kibanda si dalili ya umaskini wa jiko. Ni masharti ya ubora wake.

La tatu, ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote, ni moto. Maharage makavu huhitaji saa mbili na zaidi za kuchemka. Mpangaji wa chumba kimoja Tandale, Dar es Salaam, akitaka kujipikia mlo mmoja wa maharage ya nazi, atanunua mkaa wa saa hizo zote, nazi nzima, kitunguu, nyanya na mafuta, na huenda gharama ikapita bei ya sahani iliyokwisha kupakuliwa. Mama ntilie anateleka sufuria moja kubwa kwa watu hamsini, na mkaa wake unagawanyika mara hamsini. Hapa bei inashuka bila mtu kudhulumiwa na bila kitu kupunguzwa chunguni. Zaidi ya hayo, sufuria kubwa hupika vizuri kuliko ndogo: hushika joto kwa utulivu, maharage yanalainika bila kupasuka, na mchuzi unapata uzito wake. Mbaazi za nazi zinazoliwa na mahamri asubuhi kule Mombasa zinafuata njia hiyohiyo. Mbaazi huchemshwa hadi zilainike, zikatiwa tui jepesi zikachemka nalo, na tui zito huja mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa na mwiko haupumziki, maana tui likikatika hakuna wa kulirudisha. Anayepika sufuria ya watu hamsini haruhusu tui likatike, kwa sababu siku hiyo nzima imo mle ndani.

Vibanda vingi havina jokofu, na watu huitaja hali hiyo kama upungufu. Kwangu ni sehemu ya maelezo ya utamu. Asiyeweza kuhifadhi hulazimika kununua cha leo na kukimaliza leo. Samaki wa jioni alifika soko la feri asubuhi. Pweza wa kwenye meza za jioni za Dar es Salaam, anayekatwa vipande na kuuzwa pamoja na kikombe cha supu yake na pilipili, hana pa kulala hadi kesho. Kipimo cha mpishi ni kujua kiasi kitakachokwisha. Akipika pungufu amekosa pesa, akizidisha amekula hasara, na yule ambaye sufuria yake huwa tupu kila siku karibu saa ileile ameshalijua soko lake kama mvuvi anavyoujua mkondo wa maji.

Kutokana na haya, anayetafuta chakula kizuri anajua aangalie nini. Asitazame ukubwa wa bango. Atazame vyakula vinavyokosekana: penye chakula kimoja au viwili pana tumaini kuliko penye kila kitu. Atazame walaji. Fundi ujenzi, mpagazi wa sokoni na dereva wa bodaboda hula palepale kila siku kwa pesa waliyoitolea jasho, na hakuna mkaguzi mkali kuwazidi: chumvi ikizidi leo, kesho wako kwa jirani. Aulize kinakwisha saa ngapi, kisha awahi. Ayatazame mafuta ya karai, maana mafuta yaliyogeuka meusi na kutoa moshi husema kweli hata kama muuzaji anatabasamu. Wageni wengi wa Zanzibar huelekezwa Forodhani, na bustani ile iliyokarabatiwa mwaka 2009 inastahili kutembelewa jioni, kwa bahari na kwa juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Hata hivyo mlaji anayeondoka kesho kwa boti hawezi kumwadhibu mpishi kwa kutorudi. Urojo ninaoupendekeza ni wa Ng'ambo, unaouzwa kwa majirani: rojo la manjano lenye ukali wa embe bichi na ndimu, lisilo zito kama uji wala jepesi kama maji, bhajia na kachori ndani yake bado zina uthabiti, chatini ya nazi juu, na vichipsi vya muhogo vinavyotiwa mwisho kabisa ili vilie meno yanapovigusa. Muuzaji anayevitia mapema hafikirii mlaji wake.

Watakaopinga wataanza na usafi, na wana haki. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi, hofu ya chakula cha barabarani haikuwa dharau ya matajiri bali tahadhari ya kweli. Lakini tuitazame hatari ilipo. Vimelea vya kipindupindu haviishi katika sufuria inayotokota. Vinakuja na maji: ya kuoshea sahani, ya kunawia, ya kusuuzia kachumbari na kuchanganyia chatini. Mlaji mwangalifu hula kinachotoka motoni mbele ya macho yake na huitazama ndoo kabla ya kuitazama sufuria. Huo ni ulinzi wa mtu mmoja tu. Ulinzi wa mji ni bomba na mtaro. Singapore ilikuwa na wauza vyakula wa barabarani kwa maelfu, na malalamiko yalikuwa hayahaya ya uchafu. Kati ya mwanzo wa miaka ya 1970 na 1986 serikali yake iliwahamishia katika vituo vyenye maji ya bomba, umeme na mifereji, vingi vikiwa katikati ya makazi ya watu. Mwaka 2016 vibanda viwili vya huko vilipewa nyota na mwongozo wa migahawa wa Michelin kwa vyakula vya bei ya mtu wa kawaida, na Desemba 2020 UNESCO iliuandikisha utamaduni huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kilichowezekana pale kilifuata mpangilio: maji yalipelekwa kwa mpishi, na mpishi hakupelekwa mbali na mlaji. Machinga wa miji ya Tanzania walipohamishwa mwaka 2021, nia ya kufungua njia za waenda kwa miguu ilieleweka. Kwa mama ntilie, hata hivyo, kuhamishwa mita mia tano kunaweza kuwa kufungiwa kazi, kwa sababu fundi mwenye nusu saa ya mapumziko hatazitembea. Eneo jipya lenye bomba na lisilo na watu halijatatua chochote.

Wengine husema chakula hiki ni mafuta na wanga. Ni kweli kwa chipsi na bhajia, na asiyekula kingine atajuta. Ila mbaazi, maharage, dagaa, mchicha na pweza navyo ni vya kibandani.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la ujira. Husemwa kwamba sahani ile ni nafuu kwa sababu mwanamke aliyeipika aliamka saa kumi alfajiri na hakuzihesabu saa zake, na kwamba anayeusifu utamu wake anausifu unyonge wa mtu mwingine. Sehemu ya hoja hii siwezi kuikana. Bei ya mafuta ya kula na ngano ilipopanda mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuzuka, wauza maandazi na chapati wengi hawakuthubutu kupandisha bei. Walipunguza ukubwa, na faida yao ikapungua pamoja nao. Kuna pia ushuru na kukimbizwa. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa Tanzania kuanzia Desemba 2018, kwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4, vilionyesha jambo moja la maana: ada ndogo inayojulikana mapema humpa mtu wa kibandani utulivu ambao kudaiwa kila siku kulimnyima.

Hata hivyo hoja yenyewe inakosea kuhusu chanzo cha unafuu. Kama bei ndogo ingetokana na unyonge wa mpishi peke yake, kumlipa vizuri kungeiua. Lakini tumeona inatoka wapi: nyama duni iliyolainishwa kwa papai na maarifa, mkono usioharibu hata kitumbua kimoja, mkaa wa sufuria moja uliogawanywa kwa watu hamsini, kununua cha leo na kutotupa kitu jioni. Hayo yote hubaki hata mpishi akiongeza kidogo katika kila sahani. Kidogo hicho, kikizidishwa kwa sahani hamsini, ni ada ya shule na kodi ya chumba, na bado fundi wa upande wa pili wa barabara atakula kwa bei iliyo chini ya ile ya kujipikia. Hii ndiyo sababu nawapinga wanaosimama mbele ya karai na kuomba nyongeza kama haki yao, na wanaoacha madeni yalale kwenye daftari. Ufundi huu haujaandikwa popote. Hurithiwa kwa binti au kijana aliyesimama pembeni ya chuma akitazama mkono wa mkubwa wake. Naye anatazama pia kile kinachobaki kwenye kibubu baada ya kununua mchele wa kesho, na kwa hicho ataamua kama atajifunza kugeuza vitumbua au atatafuta kazi nyingine.