Nyimbo za nyumbani mwetu: nani anaanzisha, nani anaitikia?

Katika nyumba nyingi za hapa Mambasa muziki unaamka mbele ya watu kunywa chai. Mama anafungua korali ndani ya simu, jirani anafungua rumba, kijana wa pikipiki anapita barabarani na muziki wake mwenyewe. Jioni ni vile vile. Tukihesabu saa tu, wazazi wetu hawakusikia hata nusu ya muziki tunaousikia sisi leo.

Lakini kusikia nyimbo nyingi si jibu. Swali letu katika kurasa hizi ni lingine: muziki huu tunaoupenda unafanya kazi gani ndani ya nyumba? Unawakutanisha watu wanaokula sahani moja, ao unawaweka kila mmoja pembeni? Hatukuja kulia juu ya zamani. Sisi walimu tuna ugonjwa huo, tunaujua. Tunataka kupima tu, na kwanza tunajipima sisi wenyewe.

1. Usiku wa matanga

Tuanze na jambo lililotupata. Miaka michache iliyopita koko wetu, mama mzaa mama, aliondoka. Wajukuu tulitoka Bunia, Beni na Komanda kuja kumlilia. Wale wenye uwezo walikodisha gurupu na mabafle mawili makubwa kusudi matanga yawe na heshima. Mwanzo wa usiku zilipigwa nyimbo za korali, na nyuma ya saa sita ikaingia rumba. Nyimbo zilikuwa nzuri, hatukatai. Vijana walibaki macho na kiwanja hakikuwa na baridi ya upweke.

Ndani ya nyumba, pale mwili ulipolala, wamama walikuwa wanaimba. Tulijua kwa sababu tuliona midomo inatembea. Sauti haikutufikia.

Karibu saa kumi za usiku esansi ikaisha na gurupu ikazimika. Katika kimya kile tukamsikia mama mmoja mzee, rafiki wa koko wa siku nyingi, anaanza polepole wimbo wa Kibila. Ni ule ule koko aliotulazia nao tulipokuwa wadogo. Sisi wajukuu tukaitikia wote, wanaume na wanawake, bila kosa. Machozi yetu yalitoka pale.

Kisha yule mama akapumzika, akatuambia: «Mimi nimechoka. Bajukuu, sasa muanzishe nyinyi.»

Hakuna aliyeweza. Tulitazamana. Kila mmoja alijua maitikio, mwanzo hakuna aliyeujua. Usiku wote wa utoto wetu koko ndiye alianzisha na sisi tuliitikia tu. Hatukufikiri hata siku moja kwamba mwenye kuanzisha ataondoka na sehemu yake.

Tangu siku ile tunasikiliza muziki wa nyumbani kwa sikio lingine. Wimbo wowote unaoingia ndani ya nyumba, uwe wa jadi, wa redio ao wa kanisa, tunauuliza jambo moja: unaacha nafasi kwa sauti ya mwingine?

2. Somo la msitu

Nafasi hiyo, wanaoijua kuliko wote ni jirani zetu Bambuti. Aliyelala karibu na kambi yao njia ya Epulu anatuelewa. Katika nyimbo zao ni vigumu kumwonyesha mwimbaji mkubwa. Huyu anatoa sauti fupi na kunyamaza, yule anatia yake katika shimo lile lile lililoachwa, wa tatu anapita juu bila maneno. Ukimwondoa mmoja, wimbo unatoboka. Mtoto akiwa mgongoni mwa mama yake tayari yuko katikati ya wimbo. Siku atakapopata sauti yake, nafasi iko inamngojea.

Wageni waliliona jambo hili zamani. Mwingereza Colin Turnbull alifika Epulu mwanzo wa miaka ya 1950, akarekodi nyimbo za Bambuti, na kitabu chake juu ya watu wa msitu kikatoka mwaka 1961. Aliandika juu ya elima, sherehe ya wasichana wanaopata ukubwa, na juu ya molimo, nyimbo za kuamsha msitu pale kifo kinapoingia kambini. Kwao, mtu akifa, kuimba ndiyo kazi yenyewe, hakukodishwi.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wetu hawaamini mpaka tuwaapie. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha angani vyombo viwili vinavyoitwa Voyager. Katika kila kimoja walitia sahani iliyopakwa dhahabu yenye sauti za dunia: Bach, Beethoven, Louis Armstrong, na wengine. Ndani yake kuna pia wimbo mmoja wa sherehe ya wasichana Bambuti, uliorekodiwa na Turnbull. Hauchukui hata dakika moja nzima. Mwaka 2012 Voyager 1 ilivuka mpaka wa upepo wa jua, ikaingia kati ya nyota.

Basi wimbo wa familia, wa mama na binti zao, umefika pahali ambapo hakuna mtu aliyefika. Tunajivunia, ni haki yetu. Lakini ile sahani inaweza kutoa sauti tu, haiwezi kungoja maitikio. Wimbo unaweza kuhifadhiwa kati ya nyota na kukosa mtu wa kuuanzisha nyumbani.

3. Posti ya papa

Wengine watasema: kosa ni la redio, ndiyo iliyoua nyimbo za motoni. Hapo hatukubali.

Sisi tulikulia karibu na posti ya papa. Ilikaa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa, na mtoto hakuigusa. Mawe yake yakianza kuchoka, papa aliyaanika juani kusudi yaongeze siku mbili tatu. Ilitupatia habari za Kinshasa, ikatupatia Radio Candip ya Bunia, iliyozaliwa ndani ya Institut Supérieur Pédagogique miaka ya 1970. Lakini hasa ilitupatia rumba: Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, na Mbilia Bel, ambaye wamama walinyamazia hata mchuzi kuungua.

Tuchukue mfano mmoja, «Mario» ya Franco, iliyotoka mwaka 1985 na iliyodumu hewani miaka mingi. Ni habari ya kijana aliyesoma, ana diplome, lakini anaishi kwa mali ya mwanamke anayemzidi umri. Wimbo unapita dakika kumi, na Franco ndani yake anasema zaidi kuliko anavyoimba, kama mjomba aliyekuja kusuluhisha ugomvi. Gitaa zinaenda polepole nyuma yake, hazina haraka, kama watu wa nyumba wanaosikiliza kesi.

Kwa akili yetu, ubora wa wimbo ule uko pale. Hautoi hukumu haraka. Unaeleza, unalalamika, unacheka kidogo, unarudi nyuma. Kwa hiyo nyumbani kwetu haukuisha pale redio iliponyamaza. Papa alisema: «Munaona? Masomo bila kazi ni bure.» Mama akamjibu: «Na ule mama je? Yeye hana makosa?» Shangazi akaingia na yake. Sisi watoto, ambao Kilingala chetu kilikuwa bado chepesi, tuliomba tutafsiriwe, na wakati wa kutafsiri wakubwa waligombana tena juu ya neno moja. Franco alianzisha Kinshasa, sisi tuliitikia Mambasa. Rumba ilipoandikwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, Desemba 2021, wengi walisifu gitaa na dansi. Sisi tulikumbuka mabishano yale ya mezani.

Kuna ushahidi mwingine. Mwisho wa mwaka 2002, wakati wa operesheni ile iliyoitwa «Effacer le tableau», watu wa Mambasa walikimbia. Wengine walishika njia ya Beni, wengine waliingia msituni. Papa alibeba posti mbele ya kubeba godoro, sababu mwaka ule ule Radio Okapi, yenye jina la mnyama wa msitu wetu, ilikuwa imeanza kutoa habari za inchi nzima. Lakini siku ya tatu mawe yalikwisha, na duka hakuna. Usiku watoto wadogo walilia. Mama akaanza kwa sauti ya chini wimbo mmoja wa Mbilia Bel, na papa, mtu mkavu ambaye hatukumsikia akiimba hata kanisani, akapiga gitaa kwa mdomo. Sisi tukaingia pale tulipoweza.

Wimbo wa redio ulikuwa umekuwa wa nyumba. Hakuna aliyeuliza kama ni wa jadi ao hapana.

4. Korali na simu

Hapa Mambasa, anayefundisha vijana kuimba pamoja leo ni korali ya kanisa, tuseme haki. Mtoto anajifunza kwamba sauti ya tatu si aibu, kwamba bila besi soprano inaelea. Anarudi nyumbani na sehemu yake na anairudia akitwanga sombe. Dada yake anamtilia ile ya juu bila kuitwa. Tunayo lalamiko moja tu: korali nyingi siku hizi zinatafuta kibodi na mabafle mbele ya kutafuta sauti, na matokeo tunayaona. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, waimbaji nao wanakatika.

Simu ni kesi nyingine. Hatuisemi vibaya bila kufikiri, sababu katika simu hiyo hiyo tumesikia sauti ya ndugu aliye mbali akituimbia siku ya arusi. Jambo tunalolaumu ni namna tunavyoitumia. Kijana anakwenda sokoni kutia nyimbo ndani ya kadi, anarudi na mia mbili, anatia vijiti masikioni na kukaa kati ya ndugu zake kama mgeni anayengoja gari. Akiulizwa wimbo unasema nini, anajibu: «Sijui, ni muzuri tu.» Labda ni kweli ni mzuri. Lakini haukugawanywa, kwa hiyo hauna ugomvi wala kicheko wala tafsiri. Posti ya papa ilikuwa moja, na umoja wake ulitulazimisha kukaa. Simu ni nyingi, na hakuna anayelazimishwa.

Na sisi wazazi? Mtoto mchanga akilia usiku, ni nani kati yetu hajamwekea simu karibu na sikio na kurudi kulala? Sisi tunaoandika tumefanya hivyo zaidi ya mara moja. Mtoto alinyamaza, ndiyo. Lakini hapo mtoto alipata wimbo bila mtu.

Mwaka mmoja tuliwapa wanafunzi wa kalasi ya tano kazi ndogo: kila mmoja alete wimbo aliofundishwa na mtu wa nyumbani, si na kadi. Siku ya kwanza wengi waliinamisha vichwa. Siku ya pili msichana mmoja alileta wimbo wa Kinande wa kupalilia maharage, mvulana mmoja akaleta wa Kilese wa hadithi ya kobe. Tuliwaomba waimbe. Ikawa kama kwetu usiku ule: walijua maitikio, mwanzo walitafuta. Tukawarudisha nyumbani kuuliza mwanzo. Juma lililofuata wazazi wawili walikuja shuleni. Tulifikiri wanakuja kulalamika kwamba tunapoteza saa za masomo. Kumbe walitaka kusahihisha, sababu watoto walikuwa wamekosea maneno.

5. Kwa kumaliza

Hatuombi mtu avunje simu yake wala afukuze mabafle katika matanga. Tunaomba mambo matatu mepesi. Katika kilio, mashine zinyamaze saa nzima, na saa hiyo iwe ya wamama. Tusingojee esansi iishe. Nyumbani, wimbo unaopendwa usikilizwe wazi mara moja kwa juma, wote pamoja, na kila mtu aseme lake. La tatu ndilo kubwa: watoto wasiachwe kuitikia tu. Wapewe zamu ya kuanzisha, hata wakikosea, wakati wenye kusahihisha wangali hai.

Sisi tulirudi kwa yule mama mzee, rafiki wa koko. Tulikuja na simu kumrekodi. Akaitazama, akasema: «Muweke kwanza pembeni. Kwanza muimbe.» Tulikaa kwake Jumapili tatu. Rekodi tuliipata Jumapili ya tatu, na ndani yake hasikiki yeye anayeanzisha. Ni binti yetu wa miaka tisa, Kibila chake kinachechemea, na yule mama anamwitikia.