Viraka vya r8169

Fungua kompyuta ya mezani ya mtumba, iwe ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue, na si ajabu ukakuta chipu ya Realtek karibu na tundu la waya wa mtandao. Ni chipu ya bei nafuu, imeenea dunia nzima, na ina vituko vyake. Kwenye Linux mzigo wa vituko hivyo umebebwa na draiva moja, r8169. Jina lake linataja chipu moja tu, lakini ndani yake kuna makumi ya matoleo. Kompyuta inapowaka, draiva husoma rejista ya utambulisho ili kujua imekutana na lipi, na tabia zote zinazofuata hutegemea jibu hilo.

Ninachokipenda katika msimbo huu ni udogo wa viraka vyake. Chukua suala la pakiti fupi. Fremu ya Ethernet hairuhusiwi kupungua baiti 64. Ukitoa 4 za ukaguzi zinazokaa mwishoni, zinabaki 60. Kipimo hicho ni urithi wa Ethernet ya megabiti 10 kwa sekunde, enzi ambazo mashine nyingi zilining'inia kwenye waya mmoja. Mbili zikituma kwa pamoja, ujumbe uligongana, na mtumaji alipaswa awe bado anatuma wakati dalili ya mgongano inamfikia. Angemaliza mapema, angedhani mambo yamekwenda salama. Kwa hiyo fremu fupi ikaongezewa kijazio. Leo swichi zimemaliza habari ya migongano, ila baiti 60 bado zinadaiwa, na kwa kawaida anayeachiwa kazi ya kujaza ni chipu.

Baadhi ya matoleo ya Realtek huikosea kazi hiyo. Fundi mwenye haraka angezima kila msaada wa chipu, kila kitu kikafanywa na prosesa, na malalamiko yakaisha. Katika r8169 maswali huulizwa kwanza: pakiti hii iko chini ya baiti 60? Chipu hii ni miongoni mwa zenye kasoro? Yote mawili yakijibiwa ndiyo, draiva inapiga yenyewe hesabu ya ukaguzi ya ndani ya pakiti, inajaza pengo, ndipo inaikabidhi chipu kazi iliyobaki. Pakiti nyingine zote hupita kama zilivyo.

Kiraka cha RTL8125, chipu ya gigabiti 2.5, ni chembamba zaidi. Hapo draiva inachungulia ndani ya pakiti fupi za UDP na kuangalia zinaelekea bandari gani. Zikiwa zinakwenda 319 au 320, na sehemu yake ya UDP haijafika baiti 47, zinarefushwa. Bandari hizo mbili ni za PTP, itifaki inayosawazisha saa za mashine kwa usahihi unaoshuka chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa nini 47? Maoni yaliyo juu ya namba hiyo yanakutuma ukaangalie draiva ya mtengenezaji mwenyewe, basi. Mwandishi hakujifanya anaijua siri ya chipu. Alionyesha namba imetoka wapi, akaifungia mahali inapohitajika, akaendelea na kazi.

Kuondoa msimbo ni ufundi mwingine, na kwangu ndio mgumu zaidi, kwa sababu anayefuta haoni mashine za watu. Mambo makubwa huondoka kwa urahisi kiasi: teknolojia ya mtandao ya Token Ring ilitolewa kwenye kerneli ya Linux mwaka 2012, DECnet ikafuata 2022, na sidhani kuna wengi walioomboleza. Lakini toleo moja la chipu ambalo pengine halikuwahi kufika sokoni? Nani wa kuthibitisha kwamba halimo kwenye boksi fulani huko Mbeya?

Watunzaji wa r8169 huifanya kazi hiyo kwa hatua. Kwanza mstari wa kulitambua toleo hilo hugeuzwa kuwa maoni ambayo kompyuta haiyatekelezi, pamoja na maelezo kwamba inaelekea chipu hii haijawahi kuonekana mitaani. Msimbo wake mwingine wote hauguswi. Mwenye chipu hiyo akiwasha mashine, mtandao hautakuja, lakini draiva haitanyamaza: itaandika kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba imekutana na chipu isiyoijua, itataja namba yake ya utambulisho, na kumwambia awasiliane na watunzaji. Akijitokeza mtu mmoja tu, mstari unarudishwa. Asipojitokeza, matoleo ya kerneli yakishapita, masharti yote yaliyokuwa yanalihusu hufutwa, na atakayesoma faili baadaye ana matawi machache ya kufuatilia.

Hata baada ya kufuta, hawakukimbilia kupanga namba upya. Toleo la 41 lilipoondolewa, mahali pake kwenye orodha paliachwa sentensi moja kusema msaada wake umeondolewa, na la 42 likabaki kuitwa 42. Aliyeripoti tatizo la 42 miaka iliyotangulia na anayelichunguza leo wanazungumzia chipu ileile.