Sukari Mezani: Tusome Kitabu cha Madada Wawili

Frateri mmoja aliona kitabu hiki juu ya meza yangu, akasoma maneno ya nyuma ya jalada, akauliza: « Padri, hata ninyi munasoma habari za sumu na uchawi? » Alicheka, lakini ulizo lilikuwa la kweli. Zamani Kanisa lilikuwa na Orodha ya vitabu vyenye kukatazwa; katika mwaka 1966 ikaacha kuwa sheria, na tangu wakati ule kila msomaji anapaswa kupima kwa dhamiri yake. Tena Baba Mtakatifu Fransisko, pasipo kutimia mwaka mmoja mbele ya kufa kwake, aliandika barua tarehe 17 Julai 2024 juu ya faida ya kusoma hadithi na mashairi. Kwanza aliwawaza wenye kufundishwa upadri, kiisha akaipanua kwa Wakristu wote. Basi nitamjibu frateri kwa kupima kitabu chenyewe.

Kinaitwa We Have Always Lived in the Castle, ndiyo kusema: Siku zote tumekaa ndani ya ngome. Mwandishi ni Shirley Jackson, mama wa Marekani, aliyezaliwa 1916 na kufa 1965. Kitabu kilitoka 1962. Mimi nilikisoma kwa Kifaransa, usiku, kwa taa ya mafuta kwa sababu umeme ulikuwa umekwenda, na nakiri kwamba mara mbili niliondoka kitini kuangalia kama mlango umefungwa.

Hata hivyo hakuna mzimu ndani yake. Kuna nyumba kubwa pembeni ya kijiji, na madada wawili wa jamaa ya Blackwood: Constance, mwenye miaka 28, asiyevuka bustani yake, na Mary Katherine, wanayemwita Merricat, wa miaka 18, ndiye mwenye kusimulia. Pamoja nao anakaa Julian, ndugu ya baba yao, kilema katika kiti cha magurudumu. Miaka sita mbele ya hapo, watu wanne wa jamaa walikufa kwa chakula cha usiku mmoja: baba, mama, ndugu yao Thomas wa miaka 10, na mke wa Julian. Aseniki ilitiwa ndani ya sukari. Constance ndiye aliyepika. Alipelekwa mbele ya tribinali, akaachiliwa, kijiji hakikumwachilia.

Nani alitia sumu? Msomaji mwangalifu anatambua mapema, kwa hiyo sitaharibu kitu nikisema: ni Merricat, mwenye kunyimwa chakula siku ile kwa azabu. Na Constance alijua tangu mwanzo. Alikiosha kibakuli cha sukari mbele ya polisi kufika.

Sisi wa Kambove tunajua matanga ya namna hii. Mtu anakufa ghafula, maiti haijatoka nyumbani, na jina limekwisha kupita kutoka kiti hadi kiti: ni shangazi, ni mke, siku hizi mara nyingi ni mtoto. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda watoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi, lakini minong'ono haisomi sheria. Katika mahubiri tunajibu upesi: mwenye kushitakiwa hana kosa. Kitabu hiki kinatunyima jibu lile jepesi. Hapa muuaji yupo kweli, naye alikuwa mtoto wa miaka 12. Wanakijiji wamekosea mtu tu, hawakukosea nyumba.

Tazameni sasa wanalofanya. Anakuja Charles, mtoto wa baba mwingine, mwenye kutafuta feza za sanduku. Merricat anaangusha kiko chake chenye moto, nyumba inawaka. Wazima-moto wanafika na kufanya kazi yao vizuri. Moto ukiisha kuzimika, mkubwa wao anavua kofia ya kazi, anaokota jiwe, anatupa la kwanza. Kila padri anajua jiwe lile linatoka sura gani ya Yoane. Nilikaa muda mrefu kwenye ukurasa ule: mtu yule yule, usiku ule ule, aliokoa nyumba kwa zamu kiisha akaivunja kwa moyo.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni upendo wa Constance. Kwa miaka sita anamlisha mdogo wake, anamfunika, hamuulizi kitu. Padri naye anachunga siri ya kitubio, lakini siri ile imekwisha kupita katika majuto, ungamo na malipizi. Siri ya Constance haikupita popote. Siku neno linapotoka mwishoni, wanalitamka kama watu wanaosema juu ya mvua. Na Merricat, pasipo mtu wa kumwondolea zambi, amejitungia dini yake: anazika feza udongoni, anapigilia kitabu cha baba yake kwenye mti, anachagua maneno matatu ya kumkinga. Hizi ni dawa zetu kabisa, pasipo jina la dawa. Tumekutana na wamama wenye kufunika hivi mwana ao dada, nasi tumewasifu kuwa wavumilivu!

Nina neno la kumlaumu mwandishi. Sauti ya Merricat ni tamu mno, na Thomas mdogo hana mtu wa kumlilia. Hata mimi nilimsahau kwa kurasa nyingi. Kezilahabi wa Ukerewe, katika Rosa Mistika ya 1971, kilichokatazwa mashuleni kwa muda, aliandika nyumba ya madada na baba mlevi, na pale maumivu yanaonekana mchana, majirani wakiona. Jackson anayaficha nyuma ya kupika na kupangusa. Ni ufundi mkubwa, lakini maiti wamelipa bei yake.

Mwishoni madada wanakaa ndani ya jiko lililobaki, na wanakijiji wanaanza kuleta vikapu vya chakula mlangoni, pamoja na karatasi za kuomba radhi kwa sahani walizovunja. Wanaacha chakula na kurudi, pasipo kukaa nao hata kidogo. Julian, aliyekufa usiku wa moto, hatajwi katika karatasi zile.

Wa seminari ndogo wangoje kidogo. Mateolojia wenye kujitayarisha kuungamisha wakisome, na makatekisti wenye kujua Kifaransa pia. Nakala yangu haipo tena mezani. Yule frateri ameichukua.