Tituba: Mchawi, Mganga, au Aliyeitwa Mchawi?

Mnamo mwaka 1692, huko Salem katika koloni la Massachusetts, watu 19 walinyongwa kwa kosa la uchawi. 14 kati yao walikuwa wanawake. Tituba, mtumwa wa mchungaji Samuel Parris, alikuwa wa kwanza kukiri, naye hakunyongwa. Baada ya kifungo chake, kumbukumbu za mahakama hazimtaji tena. Kimya hicho ndicho alichokijaza Maryse Condé wa Guadeloupe katika riwaya yake ya mwaka 1986, *Moi, Tituba sorcière...*

Condé anamfanya Tituba mzaliwa wa Barbados, binti wa mtumwa aliyebakwa na baharia Mwingereza, na mwanafunzi wa Man Yaya, bibi ajuaye majani na mizizi. Nguvu ya riwaya imo katika usimulizi wa nafsi ya kwanza. Mahakamani Tituba alijibu alichoulizwa tu; riwayani anaeleza yaliyotangulia swali na yaliyofuata jibu. Mwandishi ametia humo hata sehemu ya mahojiano halisi, nasi twaona jinsi sauti hiyo pana inavyosinyaa mbele ya hakimu.

Kasoro ipo. Hester Prynne, aliyeazimwa kutoka riwaya ya Hawthorne ya mwaka 1850, azungumza gerezani kama mtetezi wa wanawake wa karne ya 20. Huenda ni kejeli ya makusudi. Hata hivyo, yapunguza uzito wa gereza pale tulipopaswa kuuhisi.

Kwetu sisi wanaisimu, tatizo laanzia kwenye jina la kitabu. Neno *sorcière* lataja jinsia ya kike, na laweza kubeba madhara na tiba pamoja. Kiswahili hakionyeshi jinsia katika neno hili, tena chamtenga mchawi, yaani mulozi wa Kongo, na mganga. Tukiandika "mchawi", twaafiki hukumu ya Salem. Tukiandika "mganga", twafuta kesi yenyewe kabla ya ukurasa wa kwanza. Napendekeza: *Mimi, Tituba, Niliyeitwa Mchawi*. Twapoteza ukaidi wa mwanamke anayelitwaa tusi na kulifanya lake, lakini kitenzi hicho kimoja chawarudisha washtaki kizimbani.

Si suala la sarufi peke yake. Katika vijiji vya Kivu bado wako vikongwe wanaohukumiwa kwa jina hilo, bila ushahidi wowote. Mfasiri asiwe shahidi wa uongo dhidi yao.